Barua kwa mwanangu anayekwenda Ngerengere

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Mwanga, Kigoma. Hatujambo sote, na mama yako hajaacha kuwasimulia majirani habari za binti yake wa Jeshi la Anga. Nilifurahi kusikia umepangiwa Ngerengere, kwa kuwa iko kwenye reli yetu ya kati. Miaka yote niliyofanya kazi ya treni niliiona ikipita dirishani, baada ya Morogoro, kabla ya Ruvu. Ya kambini sikuulizi, yabaki kambini. Ila historia ya vituo vya anga vya nchi hii nataka uijue kabla hujaripoti, na mimi naanzia hapa Kigoma.

Reli ilifika hapa mwaka 1914. Wajerumani wakaleta meli ya Graf von Götzen vipande vipande kwenye makasha, wakaiunga bandarini na kuishusha majini mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Upande wa pili wa ziwa Wabelgiji hawakuwa na meli ya kupambana nayo, wakaagiza ndege. Zilikuwa nne, aina ya Short, za kutua majini. Zilisafirishwa kwa bahari hadi bandari ya Matadi, kisha kwa reli na mto kuvuka Kongo nzima mpaka ziwani. Mawimbi ya Tanganyika yaliwashinda, wakahamishia kituo kwenye maji yaliyotulia ya Tungwe. Kutoka huko, katikati ya mwaka 1916, walikuja kuipiga Kigoma mabomu. Hebu fikiria wavuvi wa hapa, watu ambao hawajawahi kuona ndege, wanasikia mngurumo juu ya vichwa vyao! Mwezi wa Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, wakaondoka. Ndiyo hii Liemba yetu; Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikaanza tena safari 1927.

Kwa hiyo ndege za vita zilitufikia hapa kwa sababu reli iliishia hapa, na meli ilikuwa hapa. Kituo cha anga hufuata njia ya mizigo na mafuta. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini vituo vyetu viko vilipo.

Jeshi letu wenyewe lilizaliwa baada ya maasi ya Januari 1964, ambayo yalianzia kambi ya Colito, Dar es Salaam, yakafika na kwa askari wa Tabora. Jeshi la Wananchi, JWTZ, liliundwa Septemba mwaka huohuo. Mafunzo ya urubani walianza nayo Wajerumani Magharibi, lakini mwaka 1965 waliondoa wataalamu wao baada ya Tanzania kuiruhusu Ujerumani Mashariki kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu hakukubali kuchaguliwa marafiki; akawaambia wachukue na misaada yao mingine. Mimi najivunia uamuzi ule mpaka leo. Kanada ikashika nafasi, zikaja Otter na Caribou, ndege za kubeba watu na mizigo. Kituo chao kilikuwa Ukonga, Dar es Salaam, ndiko watu wanakokuita Airwing hadi sasa.

Ndege za kivita zilikuja na Wachina miaka ya 1970, na Ngerengere ilijengwa kwa msaada wao. Angalia ramani: iko bara, mbali na pwani, lakini reli inaifikia moja kwa moja kutoka bandarini.

Halafu vita vya Kagera. Amin alipovamia Oktoba 1978, Ngerengere ilikuwa mbali mno na mpaka, ndege zikasogezwa Mwanza. Ndipo Mwanza nayo ikawa shabaha. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya mabomu ya Libya, Tu-22, nchi iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kupiga maghala ya mafuta ya mji ule, ikakosa, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa hifadhi. Ndege zetu zikajibu kwa kupiga Entebbe, Jinja na Kampala. Waliozitengeneza usiku pale Mwanza, mafundi wa kada yako, hawatajwi sana kama marubani. Watafute wazee wao, mama, wangali wapo; wasalimie kwa heshima, kisha uwaache waseme.

Mama yako amefunga dagaa na mawese. Mzigo unapanda treni ijayo, kwa hiyo niandikie mapema kama utaupokea Ngerengere penyewe au Morogoro.

Ni mimi baba yako,
Kigoma