Barua kwa binti yangu: nani atafungua duka?

Malaba, Jumapili usiku

Mwanangu, mama,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la mama yako, nalo ni lile lile. Ninaandika kwenye daftari la spea kwa sababu simu imenishinda. Kila nikianza kusema unaniambia, "Baba, subiri, nina mteja," na ukirudi mimi nimeshasahau nilichotaka, au salio limekwisha. Dada yako atazipiga picha kurasa hizi akutumie kwa WhatsApp. Uzisome umekaa, na hiyo kompyuta uifunge kidogo.

Habari ya kuacha kazi nimeipata kwa mkwe. Alipiga kuulizia bei ya klachi pleti ya gari la rafiki yake, katikati ya maneno akadokeza kwamba mwisho wa mwezi unarudisha kitambulisho cha ofisi, unabaki na biashara yako ya programu-jalizi, vile vijiprogramu vya kuongezea kwenye tovuti, peke yake. Nikajifanya najua. Nikamwambia, "Ndiyo, tulishazungumza." Umemfanya baba yako aseme uongo mbele ya mkwe. Hilo tutalimaliza tukionana.

Sikukatazi. Mimi tangu nilipoacha utingo sijaajiriwa na mtu, nitakukataza kwa mdomo gani? Ninalouliza ni moja. Siku utakayokuwa leba, nani atafungua duka?

Najua utasema duka lako halina mlango. Ndiyo maana nauliza.

Miaka mingi sikuelewa unauza nini. Watu hapa Malaba waliniuliza binti yako Kampala anafanya nini, nikawa nasema "mambo ya kompyuta" nabadilisha mazungumzo. Nilielewa siku uliponiambia kwamba hiyo WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ndiyo lori, na wewe unauza spea. Mwenye saluni Uingereza ana tovuti yake inayotembea kwa WordPress, anataka wateja wajiandikie miadi wenyewe, anachukua kijalizi chako anakifunga kama mtu anavyofunga taa ya ziada kwenye Fuso. Ukaniambia malori ya aina hiyo yapo tangu 2003, na kwamba zaidi ya tovuti 40 katika kila 100 duniani zinatembea kwa injini hiyo. Hapo nikatikisa kichwa. Mimi nimeuza spea za Scania nikiangalia barabara moja tu, ya Mombasa kwenda Kampala. Wewe barabara zote zinapita mlangoni kwako. Niliringa, sikufichi. Hata imamu nilimweleza, akaniomba nirudie.

Lakini spea ninazijua, na hapo ndipo usingizi unapokatika. Anayeuza spea hana lori. Mwenye lori akibadilisha injini, beringi zako zote kwenye rafu zinageuka vyuma chakavu. Wewe umeyaona hayo Desemba 2018, wenye WordPress walipobadilisha kile kihariri chao chote, pale mtu anapoandikia kurasa za tovuti, watu wa nchi zote wakakuandikia kwamba kalenda haifunguki. Harusi ya dada yako ulikuja umevaa vizuri, ukakaa ndani ya gari na kompyuta mapajani mpaka wali ukapoa. Sikusema kitu siku ile. Nasema leo.

Na lile la kugawa bure bado linanikwaruza. Umenieleza mara tatu: sehemu ya kwanza bure, anayetaka zaidi analipia leseni ya mwaka, na sheria ya soko lenyewe la WordPress, wanakopakulia vijalizi, inamruhusu mtu yeyote kunakili kazi yako na hata kuiuza. Nilipigwa na butwaa. Hapa mtu akinakili gasketi yangu namfuata mpaka Tororo. Ukasema, "Baba, hawanunui programu, wananunua mwaka mzima wa kuitikiwa." Sawa. Nimelishika neno hilo na sasa nakurudishia mwenyewe. Kama wamenunua kuitikiwa, na anayeitika ni wewe tu, je, siku hiyo ya leba?

Hesabu ya saa nimeifanya. Mtu wa New York akifungua ofisi saa tatu asubuhi, kwako ni saa kumi jioni, wakati wa kuwaogesha watoto. Anafunga saa sita usiku wako. Saa nane usiku wako, mtu wa Sydney anaamka, naye ana malalamiko yake. Saa kumi na moja adhana, saa kumi na mbili mjukuu wangu mkubwa anatafuta soksi. Unalala wapi hapo? Halafu unaniambia uchovu ni wa mimba.

Najua utanikumbusha Januari 2021. Sawa, nakupa heshima yako. Serikali ilipozima intaneti kwa ajili ya uchaguzi, siku tano nchi nzima giza, wewe ulipanda teksi na mtoto mgongoni ukaja hapa mpakani, ukakaa barazani kwangu na laini ya Kenya ukajibu barua zote. Madereva walidhani ni afisa wa forodha. Nilijivuna mpaka mama yako akaniambia nikae chini. Lakini mama, wodi ya wazazi haina laini ya Kenya. Ukishaingia humo umeingia.

Tena kuna lile tundu. Ulinieleza mwenyewe: mtu akigundua tundu kwenye kijalizi ambalo wezi wanaweza kupitia, wenye soko wanakifunga kisipakuliwe mpaka urekebishe, na habari ikishatoka wezi wanaanza kutafuta tovuti ambazo hazijasasishwa. Tundu halitauliza una wiki ya ngapi. Tovuti 3,000 na zaidi zimefunga kitu chako, nyuma ya kila moja kuna mtu mwenye saluni au zahanati ya meno, na wewe umelala na dripu mkononi. Mkwe atafanya nini? Ni mwalimu mzuri wa jiografia. Nilimuuliza maneno ya siri ya seva yako yako wapi, akacheka akasema "kichwani mwake". Mimi sikucheka.

Ofisini ulikuwa na siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, kwa mshahara kamili. Iko kwenye Sheria ya Ajira ya 2006, uliitumia mara mbili. Sasa unaondoka miezi miwili kabla ya kuihitaji mara ya tatu! Ungenishirikisha ningekwambia vumilia, zaa kwanza, uache kazi ukiwa nyumbani na mtoto kifuani. Lakini barua umeshapeleka, na wewe ukishapeleka hurudi nyuma. Umetoa wapi ukaidi huo sijui. Mama yako anajua, anasema yuko chumbani hapa anaandika kwenye daftari la spea.

Basi fanya hivi. Nunua daftari, la karatasi, usiniletee mambo ya mawinguni. Andika kila kitu: seva iko kwa nani, jina la tovuti linakwisha lini na linalipiwa kwa kadi gani, bekapu ziko wapi, pesa za dola zinaingilia mlango upi, nani aandikiwe kitu kikiharibika. Litie kwenye bahasha, mpe mkwe. Mwonyeshe mara moja kwa vidole, kama nilivyokuonyesha kufunga feni belti. Akishindwa, andika upya mpaka aweze.

Toleo jipya usilitoe. Mkwe ameniambia unataka kutoa toleo kubwa kabla ya kujifungua "ili akili itulie". Mama, hakuna dereva anayeshusha injini asubuhi ya safari. Litoke baadaye. Wateja wako wanaishi na hilo la sasa na hawajafa.

Tafuta kijana wa kujibu barua ndogo ndogo. Si lazima ajue kuandika programu, ajue tu kusoma Kiingereza vizuri na kutokugombana na mtu aliyeamka vibaya. Barua nyingi, ulisema, ni zile zile: nimepoteza leseni, nimesahau kubonyeza kitu, rangi haibadiliki. Vijana wa hivyo wamejaa hapo Kyaliwajjala na vyeti vyao kwenye bahasha za kaki. Mlipe kila mwezi. Usimlipe kwa ahadi, na usimchukue binamu yako yule, unamjua.

Mimi sikumchukua kijana. Nilisema hakuna atakayeniuzia spea vizuri kama mimi, ataiba nati, ataharibu jina. Mdogo wako alizaliwa Jumanne, dereva wa Actros alikuwa ameniahidi kurudi kuchukua springi mbili, nikasema nitafunga akishapita. Hakupita. Mama yako hajaniuliza habari ya Jumanne ile hata mara moja, miaka yote hii. Angeuliza ningekuwa na la kusema. Tuliache.

Habari ya pesa. Ofisi ilikuwa inakuwekea asilimia 10 ya mshahara NSSF na wewe unakatwa 5. Sasa hiyo 10 imekufa, labda ujiwekee. Mtu aliyejiajiri anaruhusiwa kuchangia kwa hiari, hata kwa simu, na usiseme utaanza biashara ikitulia. Biashara haitulii. Nina umri huu, akiba yangu ni rafu za vyuma vya magari ambayo hayatengenezwi tena.

Na zile dola 59 za leseni, usizile zote mwezi zinapoingia. Mimi nikiuza beringi, mtu analipa anaondoka, tumemalizana. Wewe ukipokea dola 59 leo umekopa miezi 12 ya kazi. Mwezi wa tisa bado unadaiwa na ada ya shule imeshazimaliza. Gawa kwa 12, ule fungu moja moja. Wewe ndiye uliyekuwa unanifungia hesabu za duka ukiwa darasa la tano, sijui kwa nini nakufundisha kugawanya. Intaneti nayo tangu Julai 2021 ina kodi ya asilimia 12 kwenye bando, iweke kwenye hesabu, ofisini hukuiona kwa sababu walilipa wao.

Usidhani nakuvunja moyo. Juzi kijana mmoja wa kampuni ya forodha alifungua tovuti ya gesti ya Kisumu apange chumba, nikaona chini kabisa herufi ndogo, jina la kijalizi chako. Nilimwambia huyo ni binti yangu. Hakuamini. Nikamwonyesha picha yako ya harusi, kana kwamba hiyo inathibitisha kitu.

Lakini nani atafungua duka? Nijibu hilo, mengine uache. Hata kwa sauti, usiku, kati ya wa New York na wa Sydney una saa mbili.

Mambo ya hapa: jiko la nje limevuja tena, mabati matatu ya upande wa mwembe yameoza. Fundi anataka pesa ambazo sitazitaja kwa maandishi. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja dhaifu, dada yako anamnyonyesha kwa chupa na amempa jina lako, usikasirike. Muhogo umekauka vizuri, mtama kidogo. Mdogo wako anasema anataka kujifunza kazi yako. Nimemwambia kwanza ajifunze kuamka.

Mama yako atakuja wiki mbili kabla ya siku zako, kwa basi la asubuhi. Ana unga wa ulezi wa uji, samli, na ile blanketi ya manjano ambayo wote mmelalia, ameifua mara tatu. Mimi nitakuja naye. Duka nitalifunga, nimeshawaambia madereva, wanadhani naumwa. Mkwe anunue Yaka, umeme wa kulipia kabla, za kutosha mapema, mama yako hawezi kukaa gizani na mtoto mchanga, na anitafutie godoro gumu, yale malaini yananiua mgongo.

Anaita hapa. Anasema kuku wa mtoto asinunuliwe Kampala, anakuja naye mzima kwenye kikapu, na mimi ndiye nitakayempakata njia nzima.

Baba yako