Breki kubwa tunanunua za nini hasa?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niseme neno kuhusu hizi breki kubwa ambazo kila mwenye gari la spoti siku hizi anazitamani, kalipa nyekundu (yale makucha yanayobana pedi kwenye diski) za pistoni sita, diski pana kama sinia na matundu kila mahali. Zinapendeza, sikatai. Ila watu wanaambiwa wakishazifunga gari litasimama kwa umbali mfupi zaidi, na hapo ndo nabisha.

Jamani, kinachoshika barabara ni tairi. Breki kazi yake ni kulizuia gurudumu lisizunguke, basi. Kama breki za kiwandani zina nguvu ya kufanya ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge likateleza, ianze kutetemesha pedali ukikanyaga kwa nguvu, ujue umeshafika mwisho wa uwezo wa tairi zako, hata ufunge kalipa za pistoni kumi gari halitasimama mapema kwa kukanyaga huko mara moja. Mtu mwenye tairi zilizokauka anawaza kalipa mpya, huwa namshangaa.

Faida yake iko kwenye joto. Breki inageuza mwendo kuwa joto, na joto lenyewe linapanda kwa kipeo cha pili cha spidi, yani ukitoka kilomita 100 kwa saa ukaenda 200 haliwi mara mbili, linakuwa mara nne. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye 200 lina nishati ya megajuli 2.3 hivi, na karibu yote inaishia kwenye diski na pedi. Mara moja sio shida, breki za kawaida zinahimili. Shida ni treki, yani uwanja wa mbio, unakanyaga, unachochea, unakanyaga tena kabla diski haijapoa, raundi kadhaa hivyo hivyo mpaka pedi zinaanza kuteleza, mguu unasukuma vilevile lakini gari halisikii. Diski kubwa na nzito inabeba joto jingi zaidi kabla ya kufika huko. Ndo maana Jaguar C-Type ilivyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1953 na breki za diski, wakati wapinzani wengi bado wako na breki za ngoma, ilikuwa na faida kubwa, saa 24 za kukanyaga na kukanyaga tena. Kwa hiyo mtu asinunue kwa sababu ya kukanyaga mara ya kwanza, anunue kama anahitaji ile mara ya kumi iwe kama ya kwanza.

Na hata huyo wa treki aanze na mafuta ya breki, kitu ambacho watu wanakidharau sana sijui kwa nini, labda kwa vile hakionekani nje. DOT 4, hizi DOT ni madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, na maji yakifika kama asilimia 3.7 kile kiwango cha chini kinashuka mpaka 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mafuta hayabanwi ila mvuke unabanwa, ukikanyaga pedali inazama mpaka chini na gari linaendelea na safari zake. Hapo kalipa ya bei mbaya inakusaidia nini? DOT 5.1 ikiwa mpya inaanzia 260, ila usije ukaichanganya na DOT 5 ambayo ni ya silikoni, namba zimekaribiana tu lakini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Pedi nazo ziendane na matumizi. Za mashindano zinataka joto kwanza, zikiwa za baridi hazishiki vizuri, zinapiga kelele na zinakula diski, sasa kwa gari la kwenda kazini na kurudi umejiletea matatizo kwa pesa yako.

Kuna hili la kufunga breki kubwa mbele peke yake, linafanywa sana. Kiwanda kimeshapiga hesabu ya mgao wa nguvu kati ya mbele na nyuma, wewe ukiweka mbele kalipa za pistoni kubwa za kubahatisha, mbele zinafanya kazi karibu yote na nyuma zinalala, unaweza kukuta gari sasa linasimama mbali zaidi kuliko mwanzo! Pistoni kubwa pia zinataka mafuta mengi, kama master silinda, ile pampu ya pedali inayosukuma mafuta, ni ileile pedali inakuwa ndefu, yani inashuka zaidi kabla breki hazijashika. Matundu kwenye diski siyataki kabisa kwa gari la treki, nyufa huwa zinaanzia hapohapo. Diski za kaboni na seramiki ni nyepesi kweli, karibu nusu ya uzito wa chuma, lakini wenye nazo wengi wakienda treki wanafunga za chuma, hiyo bei ya kubadilisha wanaijua.

Mhariri, ombi langu ni kwamba waandishi wako wa magari wakijaribu breki wasituishie na mita za kukanyaga mara moja. Wakanyage mara kumi mfululizo, spidi ileile, tairi zilezile, watuandikie namba zote kumi. Na matangazo ya wauzaji yaseme diski ina kilo ngapi na mgao wa mbele na nyuma unabadilikaje, rangi ya kalipa tunaiona wenyewe.

Ni mimi,
Msomaji wa ukurasa wa magari