Kiota cha tatu: barua ya wazi kwa dada yangu

Dada yangu,

Salamu zikufikie huko Sengerema, wewe na shemeji na watoto. Barua hii nimeiandika mara mbili kwenye simu na kuifuta, na leo naiweka hapa mbele za watu kwa sababu namba yako ya zamani haipatikani, na mpya sikupewa hata na wale niliodhani wangenipa. Tulikaa siku 3 kwenye msiba wa shangazi pale Malimbe, tukala chakula kilichopakuliwa kutoka sufuria moja, ukanipa mkono ukasema "pole," nami nikakujibu "pole," kama abiria wawili waliokutana stendi ya Nyegezi. Mama yako alikuwa shangazi yangu. Pole ya stendi haikunitosha.

Msibani nilichagua kukaa upande wa turubai unaotazama ziwa, nawe unajua sababu. Ule mgunga bado umesimama, ingawa umezidi kuinamia matete, na kwera, wale ndege wanaosuka viota vya majani, hawajauhama. Kabla padri hajafika nilikuwa nimekwisha kuhesabu viota 31, kisha nikaona haya, kwa kuwa mtu hahesabu viota mbele ya jeneza la shangazi yake. Nilipogeuka nikakuona umesimama karibu na jiko la nje, uso umeuinua juu, midomo ikicheza polepole. Ulikuwa unahesabu. Usikatae.

Masika ya 2015 tulianza na swali ambalo lilikuwa langu, na ninalisema hilo kwa kuwa nimesikia linasimuliwa vingine. Nilikuwa nimesoma kazi ya watafiti wa vyuo vikuu vya Uskoti, iliyotoka mwaka 2011, ambao waliwapiga video kwera madume kule Botswana na kuona kwamba dume yule yule hasuki viota vyake vyote kwa namna moja: kimoja hukianzia kushoto kwenda kulia, kingine kulia kwenda kushoto, na kadiri anavyozidi kuzoea ndivyo anavyopunguza kuangusha majani. Nilitaka kujua kama kwera wetu wa kichwa cheusi, ambao ni aina nyingine, wangefanya vivyo hivyo, na msimamizi wangu akakubali mada hiyo iwe utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Swali lilikuwa langu, basi. Macho ndiyo yalikuwa yako.

Hilo la macho sijawahi kulikana. Hatukuwa na kibali cha kuwakamata ndege na kuwavisha pete miguuni, na mtu asiyeweza kumtofautisha dume huyu na yule hawezi kusema chochote kuhusu kiota chake cha kwanza na cha pili. Wewe, uliyekuwa umerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, ulikaa siku 2 na ile darubini yetu yenye jicho moja bovu, na siku ya tatu ukaanza kuwaita kwa majina. Alikuwepo Kidole, aliyekosa ukucha. Bwana Harusi, aliyepiga mbawa hata pasipokuwa na jike. Na Fundi Kombo, ambaye kila alichokisuka kilikaa upande. Mimi niliandika ulichokitaja. Tulimwona dume akiuma ukingo wa jani la mabingobingo, akilishika na kuruka nalo hata uchane ukachanika mrefu kuliko yeye mwenyewe, na shangazi akilalamika kwamba ng'ombe wake watakula nini. Tulimwona akifunga chane za kwanza kwenye kitawi kwa mdomo na mguu, akizungusha duara, kisha akisimama ndani ya duara hilo na kuelekea upande ule ule mpaka mwisho, chumba cha mayai mbele yake, mlango nyuma yake, ukubwa wa nyumba yote ukipimwa kwa umbali ambao mdomo wake unafika. Ulisema huyu ndiye fundi pekee anayejenga huku amesimama sebuleni. Nililiandika hata hilo.

Halafu ikaja Jumamosi Kuu.

Ulikuwa umekwenda mwaloni kutafuta sato wa Pasaka. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, upepo unatoka ziwani, na kiota cha tatu cha Fundi Kombo kilikuwa kikavu, rangi ya chai ya rangi, kinaning'inia peke yake kwenye tawi la chini. Nilisubiri, sikumbuki muda gani, nisione ndege akiingia wala kutoka. Nikachukua ngazi, nikakikata pamoja na kitawi chake, nikakaa mkekani na kuanza kukifumua uchane mmoja mmoja ili nizihesabu, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kujua kiota kina chane ngapi. Nilikuwa nimepita 200 nilipofika kwenye manyoya laini ambayo jike huyatandika, na chini ya manyoya palikuwa na mayai 2 ya kijani kinachoelekea buluu, hayana doa. Nikayaweka kwenye kikombe cha bati. Sikujua la kufanya nayo, nikaendelea kuhesabu.

Wewe ukaingia na samaki. Ukautazama mkeka, ukakitazama kikombe. Juu, jike alikuwa amerudi akitua pale tawi lilipokatwa, anaruka, anatua tena. Hukunitukana, na hadi leo natamani ungenitukana. Ulilichukua daftari lililokuwa pembeni ya goti langu, siku 19 za kazi, ukaenda nalo jikoni ambako shangazi alikuwa anakoroga maharage, na shangazi, bila kuuliza neno, akaisogeza sufuria kando ili upate nafasi ya kulitia motoni.

Hiyo sufuria ndiyo ninayoiona ninapofumba macho, kuliko daftari lenyewe. Wewe ulikuwa na hasira, na hasira ya dada huisha. Lakini je, shangazi alijua ni daftari gani? Alidhani ni karatasi za kuwashia moto, au alitupima sisi wawili mkekani na jikoni akaamua upande? Nilikuwa na miaka 10 ya kumwuliza. Kila nilipofika alinipokea kwa "mwangaluka" ya furaha, akanipa kiti, akanisimulia habari zako, nami nikaahirisha.

Nimeambiwa sasa unawapeleka wanafunzi wako kila Jumamosi kutazama viota vya miti ya shuleni, na kwamba kila mtoto amepewa dume wake. Nimefurahi sana kusikia hivyo. Kwa kuwa nilikutangulia katika makosa, nina ushauri. Wasipande miti. Wafunge kioo kidogo kwenye ufito mrefu, wakipitishe chini ya mlango, wataona ndani bila kugusa kitu. Wakifika mahali pa kutaka kukamata ndege au kuchukua mayai, huo tayari ni utafiti wa kuombewa kibali TAWIRI, ile taasisi ya utafiti wa wanyamapori, si wa Jumamosi. Na wafundishe maana ya rangi ya kiota. Kibichi ni tangazo: dume amekisuka jana au leo, anajining'iniza chini yake akipiga mbawa ili jike aje kukikagua. Kisipopata jike kikaanza kukauka, dume mwenyewe hukibomoa asuke kingine. Kwa hiyo kiota kikavu kilichoachwa tawini ndicho cha kuogopwa zaidi, kwa sababu mara nyingi kimeachwa kwa kuwa kimekubaliwa, na kuna mtu ndani.

Najua unachokisema unaposoma hapo. Ndiyo, nilikuwa nimelisoma hilo kabla ya Jumamosi Kuu. Lakini kulisoma jambo kitabuni ni tofauti na kulikumbuka ukiwa juu ya ngazi, na tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imebaki wiki 3, na hatukuwa na kioo wala mtu wa kutuambia tutafute kioo. Nicholas Collias na mkewe Elsie, waliowachunguza kwera hawa kwa miaka mingi wakiwa Los Angeles, waliwanyima madume wachanga majani ya kusukia, na walipowapa baadaye ndege hao walisuka ovyo kuliko wenzao waliochezea majani tangu udogoni. Hakuna aliyewalaumu. Fundi Kombo aliharibu viota mbele ya macho yetu nawe ukamcheka kwa upendo. Mimi niliharibu kimoja.

Na lile la shukrani, kwa kuwa najua linakuuma. Nilimwambia msimamizi kwamba daftari liliharibiwa na mvua, nikabadili mada, nikaandika kuhusu urefu wa viota kutoka ardhini na upande vilikoelekea, mambo ambayo mtu yeyote mwenye rula na subira angeyapima. Katika ukurasa wa shukrani sikukutaja. Ungetaka nikutaje wapi, dada, katika kazi ambayo macho yako hayakuhitajika? Ningeandika kwamba namshukuru aliyechoma utafiti wa kwanza?

Samahani. Nimesahau kwamba hapa wanasoma na wengine.

Kuna jambo moja ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, hata kabla ya msiba. Unakumbuka ulivyodai kwamba kwera wa matawi ya upande wa maji walisuka milango mirefu kuliko wale wa upande wa nyumba, kana kwamba kila upande una mtindo wake wa mtaa? Nilicheka. Nilikuambia ndege si wasusi wa Kirumba. Basi mwezi Agosti 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanyika Kalahari, ambapo watafiti walipima viota zaidi ya 400 vya vikundi 43 vya kwera wa aina nyingine, wanaojenga kwa ushirika. Waliona kila kikundi kina namna yake: hawa mirija ya kuingilia mirefu, wale mifupi, na tofauti hiyo ikabaki. Si joto, si urefu wa mti, wala si undugu wa damu ulioieleza. Walisema ni desturi.

Haithibitishi ulichokisema. Kwera wa shangazi husuka kila dume peke yake, si kwa kikundi, na mti mmoja hautoshi, na vipimo vyako uliviteketeza mwenyewe. Lakini niliposoma nilikaa kwenye daladala mpaka nikapitiliza Mkuyuni, kwa sababu swali lako lilikuwa bora kuliko langu na mimi nililicheka.

Kaka zako wanataka kuuza kiwanja, na mnunuzi anataka kujenga ukuta hadi ufukweni, maana yake mgunga utakatwa. Kikao cha ukoo ni Jumapili baada ya misa ya arobaini. Mimi ni mtoto wa mjomba tu, neno langu halina uzito pale, lako linao. Njoo na darubini kama unayo yenye macho mawili. Na kama bado unazikumbuka zile hesabu za upande wa maji, ziandike kabla hujaja, kwenye daftari lako mwenyewe, usinipe nilishike. Mimi kichwani nimebaki na Fundi Kombo peke yake: cha kwanza alikianzia kushoto, cha pili kulia, cha tatu hatukuwahi kuandika.