Watoto nao wapewe riwaya gazetini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi ambalo limenikaa moyoni tangu mvua za masika zilipotufungia ndani, mimi na wajukuu zangu, hapa Chumbageni, Tanga. Usiku mmoja niliwasomea Kisiwa chenye Hazina, riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyotafsiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929, nikakifunga kitabu pale kijana Jim, mhusika mkuu, anapojificha ndani ya pipa la matufaha na kumsikia Silver, baharia wa mguu mmoja, akipanga uasi. Asubuhi nilimkuta mjukuu wangu wa miaka tisa sakafuni, vidole vyeusi kwa mkaa, amechora nyuma ya kalenda kuukuu visiwa vyetu vya Toten na Ulenge, na karibu na mnara wa taa ameweka alama ya hazina.

Riwaya yenyewe ilizaliwa vivyo hivyo. Mwaka 1881, huko Braemar, Uskoti, mvua ilimfungia Stevenson nyumbani na mwanawe wa kambo, Lloyd, na katika kuchora wakapata ramani ya kisiwa. Kutokana na ramani hiyo alianza kuandika takriban sura moja kila siku na kuwasomea jamaa zake. Baba yake, mhandisi wa minara ya taa, ndiye aliyeorodhesha vitu vilivyomo katika sanduku la Billy Bones, baharia mzee wa riwaya hiyo. Baada ya sura 15 Stevenson aliishiwa na mawazo, akaja kuimalizia Davos, Uswisi, alikokwenda kwa sababu ya maradhi ya mapafu.

Ninachotaka kukisisitiza, Mhariri, ni kwamba hadithi hiyo haikuanza kama kitabu. Ilitoka kwa vipande, kuanzia Oktoba 1881 hadi Januari 1882, katika Young Folks, gazeti la vijana la kila wiki, na kitabu kikafuata mwaka 1883. Kwetu hadithi za kuendelea tunazisoma sisi watu wazima, nyingi zikiwa za mapenzi na ujambazi, ilhali mtoto ambaye mzazi wake hamudu bei ya kitabu hulishika gazeti hilohilo baada ya baba kulimaliza, asikute lake.

Stevenson alipohamia Samoa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, wenyeji walimwita Tusitala, yaani msimulizi, na mwaka 1891 hadithi yake moja ilichapishwa kwa Kisamoa, wakaisoma kwa lugha yao. Alifariki huko mwaka 1894 akiwa na umri wa miaka 44, nao wakampandisha mabegani hadi kileleni mwa mlima Vaea, wakamzika.

Basi naomba nusu ukurasa kila Jumamosi: sura fupi, picha moja, Kiswahili safi, na waandishi wa mwambao huu, wanaoijua bahari, walipwe kwa kazi hiyo. Sura ikatwe mahali pa kumkosesha mtoto usingizi.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga