Stori ya namba 34

Salim mtu wangu, mambo? Huku tuko poa, watoto wazima. Si uliniuliza kwa nini Wameksiko wa Los Angeles wanang'ang'ania jezi namba 34 ya Dodgers, timu ya besiboli ya huko? Ngoja nikupe stori ya Fernando Valenzuela.

Jamaa kazaliwa 1960 kijiji kinaitwa Etchohuaquila, huko Sonora, Meksiko, kitinda mimba wa watoto 12. Dodgers wakamnunua 1979, Kiingereza hajui, kitambi anacho, na kabla ya kurusha mpira anainua macho juu kama anaomba dua. Mwenzake kwenye timu, Bobby Castillo, akamfundisha mpira unaopinda upande ambao mpigaji hautegemei, basi ikawa balaa. 1981 siku ligi inafunguliwa Jerry Reuss aliyepangwa kurusha kaumia, wakampa dogo wa miaka 20, akaizima timu ya Houston 2-0, akaenda akashinda mechi 8 za kwanza mfululizo, na mwaka huohuo akabeba tuzo ya chipukizi bora pamoja na Cy Young ya mrushaji bora, kitu ambacho mpaka leo hakuna mwingine aliyefanya.

Halafu ujue uwanja wao upo Chavez Ravine, pale ambapo miaka ya 50 familia za Wameksiko zilitimuliwa, wengine wakabebwa mzobemzobe na polisi. Kuna wazee hawakutaka hata kuisikia hiyo timu. Fernando ndo akawarudisha, siku anarusha yeye unakuta uwanja umefurika.

Kinachoniudhi ni walivyomtumia. Mechi ya tatu ya World Series 1981, yaani fainali ya ligi, na Yankees wa New York, alirusha mipira 147 mwenyewe mwanzo mwisho, wakashinda 5-4. Bega lina mwisho wake bwana! Juni 1990 bado aliwamudu timu ya St. Louis mechi nzima bila wao kuambulia hata hit moja, yaani kupiga mpira na kufika kituo salama, ila Machi 1991 wakamtema, ligi hata haijaanza. Akaanza kuzunguka timu nyingine, Angels, Orioles, Phillies, Padres, huko kote akitafuta riziki.

Namba yake hawakumpa mtu, lakini kuistaafisha rasmi mpaka Agosti 2023, eti utaratibu wao mtu awe Hall of Fame kwanza, yaani kwenye orodha ya magwiji wa besiboli, utaratibu gani huo? Oktoba 2024 akafariki, siku chache kabla ya fainali, Dodgers na Yankees tena. Heshima yenyewe kaionja mwaka na ushee tu.

Haya msalimie shemeji, na ile video ya 1981 nakutumia WhatsApp nikipata bando.