Shukrani kwa mstaafu wa zimamoto aliyetushika mkono

Kwa niaba ya askari wa zamu yetu, ninatoa shukrani za dhati kwa askari mstaafu wa zimamoto ambaye, baada ya jengo la ghorofa kuporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, alifika kituoni bila kuitwa na mtu, akaketi nasi, akatusikiliza mmoja mmoja. Tulikuwa tumefundishwa kutumia mitungi ya hewa, kukata zege na kumtoa majeruhi kwa machela; namna ya kupata usingizi baada ya sauti iliyokuwa ikiita chini ya kifusi kunyamaza, hilo hatukufundishwa na yeyote. Yeye alituambia waziwazi kwamba hata enzi zao walilia, ila walijificha nyuma ya gari la maji. Tena, kwa kuwa tulikuwa wachache na baadhi ya wenzetu walikuwa wameunganisha zamu, alituombea mapumziko kwa viongozi, kisha akabaki kuwanoa vijana wapya katika ufungaji wa kamba, kazi ambayo, kwa uchovu ule, sisi tungeilipua tu. Hakutaka posho wala jina lake litajwe. Mzee wetu, shikamoo, na ahsante sana.