Prodyuza wako hakukusimulia Prince yote

Mwanangu Mwanaidi,

Sisi huku Tanga hatujambo. Bibi yako mguu umepata nafuu na ameanza tena kugombana na kuku. Picha uliyonitumia nimeiona, na swali lako nimelisoma nikacheka peke yangu. Ndiyo, huyo mwanamume aliyevaa koti refu, chupi nyeusi na leso shingoni ndiye Prince, mwanamuziki wa Marekani niliyempenda ujanani. Hizo nyuma yake ni springi za kitanda kisicho na godoro. Albamu inaitwa Dirty Mind, ilitoka Oktoba 1980. Kwetu iliingia miaka kadhaa baadaye kwa mkono wa mjomba wako aliyekuwa baharia, kaseti ya kurekodi, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino, picha hakuna. Na afadhali haikuwa na picha, maana babu yako angeichoma moto pamoja na redio.

Sasa hilo la prodyuza wako. Unasema anataka uongeze maneno ya moto kwenye wimbo wako ili upate kusikika, na ushahidi wake ni huyuhuyu Prince, eti alitoka kwa matusi. Hesabu hiyo kaipindua, mwanangu.

Mwaka mmoja kabla ya Dirty Mind, Prince alikuwa tayari na wimbo ulioshika namba moja kwenye chati ya soul ya Marekani, I Wanna Be Your Lover. Wimbo mtamu wa mahaba, ukipigwa harusini wakwe hawaoni haya. Kampuni yake, Warner Bros., ingefurahi kupata mwingine kama huo, na mwingine tena. Badala yake kijana wa miaka 22 akawapelekea nyimbo 8 za nusu saa tu, nyingine haziwezi kabisa kupigwa redioni. Malipo yake? Albamu ilifika namba 45 kwenye chati kubwa ya albamu ya Marekani. Wimbo uliopenya redio za Weusi, ukafika namba 5, ni Uptown, ambao ukiulinganisha na wenzake ni mpole: unasimulia mtaa wa Minneapolis ambako mtu haulizwi rangi yake wala kwa nini kavaa hivyo. Matusi yalimfungia milango, hayakumfungulia.

Milango ilifunguka 1983, kwa Little Red Corvette. Huo nao una mambo yake, lakini yamefichwa ndani ya gari jekundu. Redio zikaupiga, aliyeelewa akaelewa, asiyeelewa akacheza. Sisi tuliolelewa na taarabu tunaijua kazi hiyo vizuri kuliko yeye. Mwaka uliofuata ikaja albamu ya Purple Rain, na hapo dunia nzima ikamjua.

Basi kwa nini ninaipenda hii ya chupi kuliko zote? Kwa sababu ya jinsi ilivyotengenezwa, na hapo ndipo ningependa uketi uisikilize kwa spika za masikioni, si kwa spika ya simu. Albamu yake ya kwanza, 1978, aliirekodi California kwenye studio ya maana, akapanga sauti juu ya sauti, akatumia fedha nyingi mno. Hii aliirekodi nyumbani kwake, karibu na ziwa Minnetonka nje ya Minneapolis, kwa mashine ya kurekodi ya njia 16. Ngoma kapiga mwenyewe, besi mwenyewe, gitaa mwenyewe, vinanda karibu vyote mwenyewe. Wageni ni wawili tu wa kutajwa: Doctor Fink kwenye kinanda, na Lisa Coleman aliyeingiza sauti kwenye wimbo mmoja. Yalikuwa kama majaribio ya nyumbani, akakataa kuyapeleka saluni.

Sikiliza wimbo wa kwanza. Kinanda kinapiga palepale, hakichoki, ngoma inadunda sawasawa kama disko, na huyo bwana anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, karibu kukunong'oneza. Hakuna tarumbeta wala vinanda vya kupamba. Halafu uende kwenye When You Were Mine. Gitaa linachechemea kama la vijana wa roki wa London wa wakati ule, kinanda kinalia kama cha bei rahisi, na mtu anamlilia mwanamke aliyemdanganya waziwazi huku akikiri kwamba anampenda sasa kuliko zamani. Fanki na panki wamekaa mkeka mmoja. Wakati huo Marekani, redio za roki zilikuwa za Wazungu na redio za soul za Weusi, na kila msanii alijua anapangiwa wapi. Yeye hakutaka kupangiwa. Mwaka 1983 mwimbaji Cyndi Lauper aliurudia When You Were Mine, na wengi hadi leo wanadhani ni wake.

Wa mwisho, Partyup, ukiusikia kwa haraka ni wa kuruka tu. Lakini Januari 1980 Rais Carter alikuwa ametangaza kwamba vijana waandikishwe tena kwa ajili ya jeshi, baada ya Warusi kuingia Afghanistan, na wimbo unaishia kwa sauti za vijana wanaokataa kwenda vitani. Prodyuza wako huo hajaufikia.

Upo mmoja unaitwa Sister. Dakika moja na nusu, na ni dakika moja na nusu nyingi. Siutetei. Uruke.

Wimbo ulio na jambo lako hasa ni Head, unaosimulia bibi harusi akiwa njiani kwenda kufunga ndoa. Sitakuhadithia zaidi, una akili zako. Mimi siogopi maneno hayo kwa sababu ni maneno. Wewe umechezwa unyago, unajua nyimbo tulizokuimbia ndani, na unajua bibi yako huyuhuyu mwenye mguu mbovu ndiye aliyekuwa akiziongoza. Bi Kidude alizitoa ngoma za unyago akazipandisha jukwaani mbele ya Wazungu. Ila kule ndani maneno yalikuwa yetu wenyewe, wanawake kwa wanawake, na yalikuwa na kazi ya kufanya.

Kwenye bendi ya Prince, aliyekuwa akipiga kinanda mwanzoni ni Gayle Chapman, na jukwaani wakati wa Head alitakiwa kubusiana naye mbele ya watu. Mwaka 1980 akaondoka. Inasimuliwa kwamba imani yake ya dini ilikuwa moja ya sababu. Akaja Lisa, binti wa miaka 19, akaimba sehemu ya bibi harusi bila kusita, akakaa naye miaka na kumsaidia kutengeneza muziki mkubwa. Mimi siwezi kusema yupi kati yao alifanya vyema. Mmoja alisema hapana akachukua mkoba wake, mwingine akasema ndiyo, na wote wawili walijua wanakubali au wanakataa nini. Wewe umeniandikia kwamba "prodyuza anasema". Wewe mwenyewe unasemaje?

Na ujue jukwaa halina huruma. Oktoba 1981 Prince alifungua onyesho la bendi ya roki ya Rolling Stones uwanjani Los Angeles akiwa na koti lilelile na chupi ileile. Mashabiki walimzomea, wakamrushia vyakula na chupa mpaka akashuka. Alirudi kwao Minneapolis kwa hasira, akabembelezwa, akaja tena kwa onyesho la pili, akazomewa tena. Mtu anayeimba maneno aliyopewa na mwingine hapandi jukwaa hilo mara ya pili. Halafu alipopita miaka arobaini, akawa Shahidi wa Yehova, nyimbo hizo za moto aliziacha mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu.

Kwa hiyo nirekodie huo wimbo kwa simu kama ulivyouandika, na gitaa tu, kabla prodyuza hajaugusa. Kama kuna maneno ya moto na ni yako, nitayasikiliza, nitamfungia bibi mlango wa jikoni kwanza. Pesa ya studio nitatuma mwisho wa mwezi, lakini nataka kujua ni saa ngapi unalipia na nani anabaki na faili.

Mama yako